Baba, mwana na baiskeli: hotuba kuhusu sinema za wavulana na watu wazima wanaowakuza

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi, walezi na walimu hapa Mbeya mjini. Wapo wazazi ambao hawakuweza kufika, hasa wa Tukuyu, Kyela na Chunya, wenye vijana waliopanga mageto huku mjini ili wasome. Wameomba niiandike. Ninaiweka yote kama nilivyoisema.

Wazazi wangu, walezi, walimu wenzangu, baba mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, nanyi vijana mliosimama kule nyuma mlangoni: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Waliotoka Rungwe na Kyela na mvua hii, ndaga fijo. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya watoto wa kiume. Nitapitia njia ya sinema, na ninaomba mnivumilie, maana najua wapo humu ndani wanaoamini kwamba sinema ndiyo iliyowaharibu vijana. Leo sitabishana nao. Ninataka kuwasimulia sinema chache ambazo vijana wetu hawazikuti kwenye vibanda umiza wala hawarushiwi kwenye flashi pale Mwanjelwa. Ni sinema za mvulana aliye katikati: utoto unamtoka, utu uzima haujamfika. Hakuna bunduki, hakuna magari yanayolipuka. Kuna mvulana, kuna watu wazima waliomzunguka, na mvulana anawatazama.

Jumamosi huwa tunazionyesha shuleni kwa projekta, shuka jeupe limetundikwa ukutani, vijana wa kidato cha kwanza mpaka cha nne wamejaa kwenye mabenchi. Ukimwita mvulana ofisini ukamwuliza, "Nyumbani kukoje?", atakujibu, "Kuzuri, mwalimu," na atatazama sakafu mpaka umruhusu aondoke. Lakini mwonyeshe mvulana mwenzake wa Roma au wa Malawi, kisha umwulize, "Huyu kwao kukoje?" Ataongea. Ataongea mpaka umwambie muda umekwisha. Na wewe mwenye masikio utajua ni nyumba ya nani inayozungumzwa.

Nianze na Roma.

Mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita kuu, Italia kazi hakuna. Vittorio De Sica anatengeneza sinema inayoitwa Ladri di biciclette, habari ya wezi wa baiskeli. Baba mmoja, Antonio, amesota bila kazi muda mrefu. Anapata kazi ya kubandika mabango mitaani, na sharti ni moja: lazima uwe na baiskeli. Yake iko rehani. Mke wake anavua mashuka kitandani, anayafunga, yanapelekwa rehani, baiskeli inakombolewa. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi anapaka gundi kwenye bango, kijana mmoja anairukia baiskeli na kutokomea nayo.

Sehemu yote iliyobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakiitafuta baiskeli hiyo mji mzima. Sokoni, kanisani, kwa mpiga ramli, kwenye mvua. Antonio anatembea mbele na hageuki. Bruno anakimbia nyuma yake. Mvua inanyesha, mtoto anateleza na kuanguka, baba hakuona. Magari yanampita mtoto puani, nusura yamgonge, baba hakuona. Baiskeli anaitafuta ili mtoto ale. Na mtoto yuko hapo hapo nyuma yake, hamwoni.

Akina baba wenzangu, ni nani kati yetu hajawahi kutembea hivyo?

Mwishoni wanafika nje ya uwanja wa mpira. Baiskeli zimeegeshwa kwa mamia. Antonio anampa Bruno nauli, anamwambia apande tramu akamsubiri mbele. Hataki mtoto aone atakachokifanya. Bruno anaikosa tramu. Anageuka, na anamwona baba yake juu ya baiskeli ya mtu, kundi la watu linamfukuza likipiga kelele za mwizi. Wanamkamata. Anachapwa kofi, kofia inaanguka. Bruno anang'ang'ania koti la baba yake huku analia. Halafu anaiokota ile kofia na kuipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, na kwa ajili yake anasema mwacheni aende. Wanaondoka wote wawili. Baba anatembea analia mbele ya watu. Bruno anaushika mkono wake.

Tulipoionyesha, mabenchi yalinyamaza. Kisha kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini hakumkimbia?" Wa pembeni yake akamjibu bila kuinua uso, "Amkimbie aende wapi? Si baba yake?" Na wa tatu, kijana ambaye darasani humsikii kabisa, akasema: "Mimi baba angeniambia tu mapema kwamba hali ni mbaya. Ningekaa chini ya ngazi nashika baiskeli."

Wazazi, sikilizeni tena. Angeniambia. Ningeshika baiskeli.

Sisi wanaume wa nyanda hizi tumelelewa kuficha. Mfanyabiashara wa viazi anapakia lori Uyole, mzigo unaozea njiani au bei inaanguka kabla hajafika Dar es Salaam, mtaji unakata. Anarudi nyumbani, hasemi. Anaamka alfajiri kama kawaida, anavaa koti, anaondoka, anashinda kijiweni Kabwe mpaka giza. Mke anajua kwa sababu pesa ya mboga imepungua. Na kijana je? Mnadhani hajui? Anajua. Alimwona baba kijiweni akitoka shule. Alipita upande wa pili wa barabara ili baba asijue kwamba ameonwa. Kijana wa miaka kumi na minne anamsitiri baba yake, na baba anadhani yeye ndiye anayemsitiri kijana.

Ninamfahamu baba mmoja, jirani yangu, aliyefanya tofauti. Alimwita mwanawe jioni, akamkalisha kwenye kigoda jikoni, akaweka daftari la madeni juu ya meza, akamwonyesha mstari kwa mstari: huyu namdai, huyu ananidai, hii ni kodi ya chumba cha biashara, hii ni ada ya mdogo wako. Kijana akauliza maswali mawili tu. La kwanza, "Huyu mama wa Iyunga kwa nini unamdai tangu mwaka jana?" La pili, "Mama anajua?" Hali ya fedha ya nyumba ile haikubadilika usiku ule. Ila kijana yule, ambaye alikuwa ameanza kulala nje, aliacha kulala nje. Ninajua kwa sababu mama yake aliniambia, na mama yake hana sababu ya kunidanganya.

Sasa tuvuke Mto Songwe pale Kasumulu, tuingie Malawi.

Wengi wenu mnakumbuka njaa ya 2001 na 2002 upande ule. Kijiji cha Wimbe, wilaya ya Kasungu, kulikuwa na kijana anaitwa William Kamkwamba. Ada ilishindikana, akatolewa shule. Akaenda maktaba, akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya vinu vya upepo. Kwa vyuma chakavu, mabomba na sehemu za baiskeli akatengeneza kinu kilichowasha taa 4 na redio 2 nyumbani kwao. Cha kusukuma maji kilifuata baadaye. Juni 2007 aliletwa Arusha kwenye mkutano wa kimataifa, na ulimwengu ukamjulia hapa hapa Tanzania. Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor akaiongoza sinema yake, The Boy Who Harnessed the Wind, na yeye mwenyewe akaigiza kama Trywell, baba wa William. Imepigwa Malawi, na sehemu kubwa wanazungumza Kichewa. Vijana wetu wa Kyela hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza lile shamba la mahindi, jembe lile, wala ule udongo mwekundu uliopasuka.

Watu wengi wakiisimulia sinema hii humsifia kijana mwenye akili. Anastahili. Mimi ninataka tumtazame baba.

Trywell ni mkulima. Mvua imemharibia shamba, kisha jua likamharibia zaidi. Binti yake anaondoka nyumbani na mwalimu, na barua yake inaonyesha kwamba ameona afadhali apunguze mlaji mmoja. Kila kitu kinamponyoka mkononi. Amebaki na baiskeli. Hapo anakuja mwanawe, kijana aliyetolewa shule, anamwambia: baba, nipe baiskeli niikatekate, nitaleta maji.

Jamani, wekeni mikono vifuani. Mwaka wa njaa, mali iliyobaki ni moja, mtoto anataka kuikata kwa msumeno. Ungempa?

Trywell hakumpa. Katika sinema anakasirika, anakivunjavunja kile kinu kidogo cha majaribio ambacho kijana ameshakitengeneza, anamshikisha jembe akalime ardhi kavu. Na ukimtazama vizuri usoni utaona kwamba anaogopa. Mwanawe anajua kitu ambacho yeye hakijui. Kwa mwanaume aliyezoea kuwa ndiye anayejua, hiyo ni njaa ya pili.

Njaa inaendelea. Mbwa wa William anakufa, kijana anamzika. Mama, Agnes, anamkabili mumewe. Hapigi kelele za kushinda mabishano. Anamwambia ukweli wa yale yaliyokwisha kupotea katika nyumba ile. Na Trywell anabadilika. Anamfuata mwanawe, anamkubalia. Baiskeli inakatwa. Baba mwenyewe anatoa nguvu zake kwenye mradi wa mtoto, na mtoto ndiye anayeelekeza.

Hapo ndipo ninapopaona pagumu kuliko pote katika sinema ile, na ndipo ningependa kila baba hapa akae atazame. Kijana aliona baba yake akikosea, na aliona baba yake akigeuka. Aliyaona yote mawili kwa macho yake. Tungeona tu kinu kikizunguka, tungesema kijana alifanikiwa kwa kipaji. Lakini bila ile baiskeli kinu kisingesimama, na baiskeli ilikuwa ya baba.

Wapo wazazi humu ambao mwana amewaambia hataki kusomea ualimu, anataka ufundi wa simu. Hataki shamba la chai, anataka kupanda parachichi. Hataki kurudi Tukuyu. Sisemi kila anachotaka kijana mpe, sijasema hivyo na sitasema. Ninauliza: mara ya mwisho mwanao alikuona ukibadilisha msimamo, ilikuwa lini? Je, amewahi kukuona hata mara moja?

Nitoke kwa baba, niende kwa wale wanaomhoji mtoto bila kumsikiliza. Wengi wao ni sisi walimu.

Ufaransa, 1959. François Truffaut, kijana wa miaka ishirini na saba, anatoa sinema yake ndefu ya kwanza, Les Quatre Cents Coups, na anashinda tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la sinema la Cannes. Mvulana anaitwa Antoine Doinel. Anatoroka shule, mwalimu anamwuliza kwa nini hakuja, naye kwa woga anasema mama yake amefariki. Uongo mkubwa, na unagundulika siku hiyo hiyo. Baadaye anaiba taipureta ofisini kwa baba yake wa kambo. Inashindikana kuuzika. Anaamua kuirudisha, na anakamatwa wakati anairudisha. Baba wa kambo anampeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe.

Katika sinema nzima watu wanamwuliza Antoine maswali. Ulikuwa wapi? Kwa nini umefanya hivi? Wewe una nini? Hakuna anayesubiri jibu. Mpaka yuko kituo cha kurekebisha watoto, ndipo mwanasaikolojia mwanamke anamwuliza kwa utulivu na kusubiri. Sura ya mwanamke huyo haionekani, tunasikia sauti yake tu. Kamera iko kwa mvulana. Mvulana anacheza na vidole mezani, anatabasamu kidogo, anaanza kueleza maisha yake yote kama maji yaliyofunguliwa. Mwigizaji Jean-Pierre Léaud hakupewa maneno ya kukariri pale. Alijibu kwa maneno yake. Vijana wetu waliipenda sehemu hiyo kuliko zote, na ni sehemu ambayo hakuna kinachotokea isipokuwa mtu mzima kunyamaza.

Na nyuma ya sinema ile kuna habari ya kweli. Truffaut mwenyewe alikuwa mvulana wa namna hiyo. Alianzisha klabu ya sinema akiwa kijana, akaingia madeni, baba aliyemlea akamkabidhi polisi, akawekwa kituo cha watoto. Aliyemtoa ni André Bazin, mwandishi wa uhakiki wa sinema, ambaye hakuwa ndugu yake. Baadaye kijana akaingia jeshini, akatoroka, akafungwa tena, na Bazin akahangaika tena. Akamkaribisha nyumbani kwake, akamhimiza aandike. Bazin alifariki Novemba 1958, upigaji wa picha za sinema ile ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Hakuiona. Mwanzoni mwa sinema kuna maandishi kwamba imetolewa kwa kumbukumbu yake.

Fikirini, wazazi. Mtu mzima mmoja asiye wa damu, aliyerudi mara ya pili baada ya kijana kuharibu kwa mara ya pili. Kwa sababu mara ya kwanza wengi tunasaidia. Mtaa mzima unachanga, mchungaji anaenda polisi, mwenyekiti anaandika barua. Kijana akirudia? Tunasema tumemchoka.

Walimu wenzangu, naomba sasa niseme nasi peke yetu, na wazazi watusikie.

Kuna sinema ya Uingereza ya 1969, Kes, ya mwongozaji Ken Loach. Mji ni Barnsley, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Mvulana ni Billy Casper, mdogo wa umbo, nguo chakavu, shuleni anahesabiwa kuwa si kitu. Ila amemfuga na kumfundisha kipanga, ndege mwindaji, kwa kusoma kitabu na kwa uvumilivu wake mwenyewe. Siku moja mwalimu Farthing anamtaka aeleze jambo la kweli mbele ya darasa. Anaanza kwa shida. Halafu anaingia kwenye habari ya ndege wake: jinsi ya kumfunga kamba ya mguuni, jinsi ya kumzoesha mkono, siku ya kwanza alipomwachia bila kamba akiwa hajui kama atarudi. Darasa zima limekufa kimya. Mvulana asiye kitu amekuwa mwalimu.

Na Farthing anafanya jambo dogo. Katika mapumziko anaenda shambani kumwona yule ndege akiruka. Basi. Hamletei msaada wa fedha, hamtoi katika umaskini. Anaenda kutazama.

Katika shule hiyo hiyo kuna mkuu wa shule anayechapa. Wamepanga foleni ofisini kwake wavulana waliokamatwa na sigara, na kati yao yumo mtoto mdogo aliyetumwa na mwalimu kuleta ujumbe tu. Anajaribu kueleza. Hasikilizwi. Anachapwa pamoja na wenzake.

Sisi watu wa Mbeya hatuwezi kuitazama sehemu hiyo kama habari ya Wazungu. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa kidato cha tatu akipigwa na kundi la walimu waliokuwa mafunzoni, katika shule moja ya hapa Mbeya. Ngumi na mateke, ofisini. Kanuni za viboko za 1979, zilizorekebishwa 2002, zinajulikana: visizidi 4, kosa liwe kubwa, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Walimu wote humu tunazijua. Na wote tunajua kinachofanyika siku za kawaida nyuma ya stafu, ofisi ya walimu. Mimi ninasema wazi kwamba ninaichukia fimbo ile, na ninasema hivyo mbele ya wazazi ambao wengine hutuletea watoto na kutuambia, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Usiniambie hivyo. Sitaki nyama ya mwanao. Niambie mwanao anapenda nini anapokuwa peke yake, ili nijue pa kwenda kutazama.

Nisiwasahau bibi zetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 hapa Mbeya, wakati wastani wa nchi haukufika asilimia 5. Nyuma ya tarakimu hizo kuna makaburi, na nyuma ya makaburi kuna bibi waliorudi kulea wakiwa wamekwisha kustaafu kulea. Kwa hao nina sinema moja kutoka Burkina Faso, Yaaba, ya Idrissa Ouédraogo, 1989. Mvulana Bila anafanya urafiki na Sana, mwanamke mzee ambaye kijiji kimemtenga kwa kumwita mchawi. Anamwita Yaaba, bibi, na mzee yule anafurahi kwa sababu jina hilo hajazoea kupewa. Binamu yake Bila anapougua, aliyetoka kwa miguu kwenda mbali kumtafuta mganga wa dawa ni yule yule aliyetengwa. Bibi Sana hamfundishi Bila kwa mawaidha marefu. Watu wanapomsema vibaya mwanamke mmoja wa kijiji, yeye anamwambia tu asimhukumu, huenda ana sababu zake. Baadaye tunamsikia mtoto akilisema hilo hilo kwa mdomo wake. Walezi wangu wenye nywele nyeupe mlioko humu, wajukuu wanawasikia. Hata wakiwa wameweka spika za simu masikioni, wanawasikia.

Sasa mtaniuliza, kijana asiye na baba wa kubadilika mbele yake, wala mwalimu wa kwenda kumtazama, wala Bazin, afanyeje?

Jibu sikulitoa kwenye sinema. Lilikuwa hapa kabla sinema haijafika. Wazee wa Rungwe mnalijua vizuri kuliko mimi, na wengine mlisimuliwa na baba zenu. Monica na Godfrey Wilson, watafiti wa mila na maisha ya watu, waliishi Unyakyusa miaka ya 1930 na wakaliandika. Mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wa rika lake kujenga vibanda vyao pembeni. Walilala huko, kijiji chao wenyewe. Lakini chakula walikula kwa mama zao. Na hawakwenda kila mmoja kwa mama yake; walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Na ng'ombe walizochunga, mashamba waliyolima, yalikuwa ya baba zao.

Nauona mpangilio ule kuwa wa hekima kubwa sana. Mvulana alipewa nafasi ya kukua mbali na macho ya baba, na wakati huo huo kila mama wa kijiji alimwona akila. Mama anayekupakulia chakula anaona mengi. Anaona nani hana hamu ya kula, nani ana alama mkononi, nani amekaa mbali na wenzake leo wakati juzi alikuwa katikati. Mvulana mmoja alikuwa na macho kumi au kumi na tano juu yake, na hakuna hata moja la polisi.

Leo vijana wetu bado wanatoka nyumbani. Wako kwenye mageto Soweto, Iyunga, Ilemi. Wako kwenye mbao Mafinga, kwenye machimbo Chunya, kwenye bodaboda stendi ya Nane Nane. Vibanda vyao wamejenga. Tulichokiondoa ni ile sahani ya kila mama. Kijana aliyepanga geto anapika ugali wake peke yake, anakula anatazama simu, analala. Hakuna aliyeona kama amekula.

Kwa hiyo nina ombi, nanyi kina mama mnisaidie kulibeba kwa sababu kina baba tutalisahau tukifika nje. Mwenye nyumba yenye geto la wanafunzi, mwite kijana mmoja na wenzake Jumapili wale kwako. Siku nyingine jirani yako awaite. Msiwahutubie. Wapakulieni tu na mkae nao, na baba akae hapo hapo mezani, asipelekewe sahani sebuleni.

Na Jumamosi ijayo tunaonyesha ile ya Malawi kwa mara nyingine, shuleni, saa nane kamili mchana. Hakuna kiingilio. Mara hii tumeweka sharti: kila kijana aje na mtu mzima mmoja, awe mzazi, bibi, fundi anayemfundisha kazi, mwenye nyumba, kocha wake wa mpira, yeyote. Mtakaa benchi moja, wewe na kijana wako. Asiye na wa kuja naye aje hivyo hivyo, walimu tumeshagawana majina na kila mmoja atakuwa na nafasi iliyo wazi pembeni yake. Umeme ukikatika kuna jenereta, mafuta yameshanunuliwa. Sinema inachukua karibu saa mbili, na baada yake wataongea vijana kwanza. Sisi wakubwa tutasubiri zamu yetu.